Namna ya Kukamata Sauti za Korale katika Misa



Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, watoto na walimu wao waliimba Misa ambayo haikuandikwa kwanza kwa nota. Ilikuwa korale iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, na kiongozi wake alikuwa Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Maneno yalikuwa ya Kilatini, lakini mwendo wa nyimbo ulikuwa wa kwao. Mwaka ule ule sauti zao zilikamatwa katika diski. Sasa imepita miaka zaidi ya 60, na Missa Luba ingali inasikika.

Mimi nami nina kisa, lakini ni cha aibu. Katika jubilei ya parokia moja, mzee mmoja, mwalimu wa korale, aliimba litania ya kikwetu aliyoitunga mwenyewe. Hakuiandika popote. Mimi nilishika mashini, nikasimamisha mikro karibu na ngoma, nikakaa nimetulia. Miezi michache baadaye mzee akafa. Tulipofungua mashini tupate kujifunza litania yake, tulisikia ngoma na mngurumo wa grupu ya umeme. Sauti ya mzee ilikuwa mbali kama mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo nataka kueleza kazi hii kwa taratibu, kusudi kosa langu lisirudiwe.

1. Sikio kwanza. Kabla ya kugusa mashini, nenda kanisani wakati korale inapojizoeza. Simama mbele yao, kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Karibu sana utasikia mtu mmoja mmoja. Mbali sana mwangwi wa kuta utameza maneno. Katikati kuna mahali ambapo sauti zote zinaungana na maneno bado ni wazi. Hapo ndipo mahali pa mikro. Vilevile uliza grupu itawekwa wapi. Iwe mbali, nyuma ya nyumba nyingine. Ao tumia mashini ndogo yenye pile.

2. Mikro mbili kubwa. Chukua mikro mbili za namna moja, zinazosikia zaidi upande wa mbele. Ziweke juu ya mguu mmoja, kwa urefu wa metre 3 hivi, kusudi wa mstari wa nyuma wasifunikwe na wa mbele. Ziachane sentimetre 17, moja ielekee kushoto na nyingine kulia, kwa pembe ya digrii 110. Namna hii ilitoka katika radio ya Ufaransa, inaitwa ORTF. Inafanana kidogo na masikio yetu mawili: msikilizaji anatambua soprano wako wapi na basi wako wapi. Mwimbaji wa pekee apewe mikro yake, karibu naye. Ngoma zikae pembeni, nyuma ya waimbaji. Hazihitaji mikro, kwani zinajua kujisikilisha zenyewe.

Usisahau kwamba hii ni Misa. Mguu wa mikro usimfiche padri altareni, wala waya zisipite mahali watu wanapopita kwa komunyo. Patana na paroko mapema.

3. Kipimo. Katika mashini za leo kipimo cha juu kabisa ni sifuri. Sauti ikipita hapo inapasuka, wala hakuna dawa. Waambie korale waimbe kipande chao chenye nguvu kuliko vyote, pamoja na ngoma na vigelegele. Rekebisha mpaka kipande kile kifike desibeli 12 chini ya sifuri. Usione nafasi ile kuwa hasara: siku ya sikukuu watu wanaimba kwa nguvu kuliko siku ya kujizoeza, na Gloria haikuombi ruhusa.

4. Kuchanganya. Misa imekwisha, sasa kaa mahali pa kimya. Anza na mikro mbili kubwa peke yake, kwa maana ndizo zilizosikia korale kama mwili mmoja. Kisha pandisha kidogo kidogo ile ya mwimbaji wa pekee, mpaka maneno yake yawe wazi, halafu simama. Ukiendelea, atatoka kati ya ndugu zake na kuimba peke yake.

Hapa kuna jambo wengi hawalijui. Sauti inatembea karibu metre 340 kwa sekunde. Mikro kubwa zikiwa metre 3 na nusu kutoka kwa mwimbaji, zinamsikia kwa kuchelewa kama sehemu 1 ya mia ya sekunde. Sauti yake inaingia mara mbili, nayo inakuwa nyembamba, kana kwamba inatoka katika debe. Basi ichelewesha ile mikro ya karibu kwa kadiri hiyo hiyo.

Mngurumo unapunguzwa kwa kukata sauti zilizo chini ya hertz 70, lakini sikiliza vizuri, usiue ngoma kubwa. Usiongeze mwangwi wa mashini juu ya mwangwi wa kanisa. Usilazimishe sehemu za kimya ziwe na nguvu sawa na vifijo. Mtoto akilia wakati wa Sanctus, mwache alie. Ni Misa ya watu. Mwisho, sikiliza kazi yako katika radio ndogo na katika telefone, maana ndivyo wakristu watakavyoisikiliza.

5. Kutunza. Fanya nakala 3, na moja isikae katika nyumba ile ile. Andika siku, mahali, lugha, jina la wimbo, la mtungaji na la kiongozi. Wimbo usio na jina ni yatima.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, ulitaka muziki wa asili wa kila taifa upewe heshima yake katika ibada. Sisi tunalipokea neno hilo kwa furaha. Lakini hatuwezi kuheshimu kitu tulichokiacha kipotee. Meza ya kuchanganya inasaidia sana, walakini haiwezi kurudisha sauti ambayo mikro haikuisikia. Litania ya yule mzee imekwenda naye. Katika parokia yako pengine yuko mzee mwingine anayeimba bado. Nenda kwake Jumapili hii, na uanze kwa kumsikiliza.