Majani ya utingo na lori linalojiendesha

Lori likiharibika kwenye kona za Kitonga, pale barabara kuu ya TANZAM inapopanda kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Ilula, utingo hamsubiri fundi. Anaruka na jiwe, analitia nyuma ya tairi, kisha anakata matawi na kuyapanga barabarani hatua kwa hatua, hadi nyuma ya kona. Sheria inataka pembetatu zinazong'aa. Lakini kila anayeshika usukani kati ya Iringa na Tunduma anajua kusoma majani.

Nayakumbuka majani hayo kila nisikiapo habari za barabara ambazo malori na mabasi yatajiendesha yenyewe. Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1991 Bunge la Marekani liliagiza mfano wa barabara hiyo uwe tayari ifikapo 1997, na Agosti ya mwaka huo magari, yakiwamo mabasi ya Houston, yalijiendesha kwenye kipande cha I-15 karibu na San Diego. Mwaka 2016 misafara ya malori ilivuka mipaka ya Ulaya hadi Rotterdam, la mbele likifunga breki na la nyuma likifunga papo hapo. Mitambo ilikubali. Hata hivyo, muda mfupi baada ya maonyesho ya San Diego serikali ya Marekani iliacha kuugharamia mpango ule.

Kwa nini? Sababu mojawapo, nadhani, ni kwamba barabara ya namna hiyo inataka watu wasiozoea kukaa meza moja wakubaliane. Kwetu Tanzania tuwahesabu tu. Lami ni ya TANROADS. Leseni ya usafirishaji inatoka LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Anayesimamisha gari ni polisi wa usalama barabarani. Mzigo wa kwenda Lubumbashi unafuatiliwa na TRA, watoza kodi, na uzito wake unabanwa na sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo kikomo chake ni tani 56. Malori matatu yaliyofungamana kwa mawasiliano yakifika mizani ya Wenda, la katikati likaambiwa likae pembeni, msafara umekufa. Na yakivuka Tunduma kuingia Nakonde, upande wa Zambia, yameingia chini ya sheria nyingine kabisa.

Nusu ya safari hii tumeshaianza bila kuipa jina. Mabasi ya mikoani yana VTS, kifaa kinachoiarifu LATRA basi likizidi kilomita 80 kwa saa. Polisi naye ana tochi yake ya kupimia mwendo kando ya barabara. Ni macho mawili, ya ofisi mbili. Lakini VTS inasema tu, haikanyagi breki. Siku itakapokanyaga, basi likapinduka, nani atapandishwa kizimbani? Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inamjua dereva. Aliyeandika programu haimjui, wala aliyefunga kifaa.

Kukubaliana kwa namna hii, kwa kweli, Tanzania na Zambia ziliwahi kukuweza. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 za njia isiyo ya bodaboda wala mbuzi, iliundiwa mamlaka moja ya nchi zote mbili. Uendeshaji wake umekuwa na maradhi mengi, ila swali la nani mwenye njia lilijibiwa mapema.

Mimi ningeanza na mabasi ya usiku, yaliyoruhusiwa tena Oktoba 2023. Yana msimamizi mmoja wa leseni, njia zinazojulikana, na mengi hayavuki mpaka. Breki zitii 80, na 50 penye makazi, basi. Malori yangoje.

Maana hata msafara wenye akili nyingi utapasukiwa na tairi pale Kitonga, upande mmoja mlima, upande wa pili korongo. Kamera ya gari linalofuata itaona matawi yamelala barabarani na kuamua ni takataka za kukanyagwa, labda ifundishwe. Nani aifundishe? Katika ofisi zote nilizozitaja, hakuna yenye faili la majani.