Ile J Inayocheka

Kitendawili!

Tega, mnasema. Haya. Mtu kamwandikia mwenzake barua kwenye kompyuta, mwishoni kaweka kauso kanachocheka. Barua imefika, kauso hakapo. Pamesimama herufi J peke yake. Kauso kamekwenda wapi?

Hamjui? Basi nipeni mji. Mmenipa Tanga? Nimekwenda Tanga, nimekula samaki wa kupaka, nimerudi na jibu: kauso hakajaenda popote. Tangu mwanzo kalikuwa J.

Msinitolee macho. Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Ukibonyeza A kubwa, inaweka 65. Ukibonyeza J kubwa, inaweka 74. Namba hiyo haina sura mpaka ivishwe fonti, na fonti ni vazi tu. 74 ikivaa Times inatoka J ya vitabuni. Ikivaa Wingdings unatoka uso unaocheka. Ukiivua vazi, 74 ni ile ile. Sasa, programu za Microsoft zilikuwa na mtindo wa kugeuza nukta pacha na mabano kuwa J ya Wingdings, wala mwandishi haulizwi. Barua ikitua kwenye mashine isiyo na vazi hilo, msomaji anaona J na kujiuliza J ndiyo nani.

Alama za picha kama kauso hako ni kongwe kuliko kompyuta. Wapiga chapa wa enzi za herufi za risasi walikuwa na droo za nyota, maua na mikono inayonyoosha kidole, vyote vimesubiwa kwa madini. Kisha akaja Hermann Zapf, Mjerumani, bingwa wa hati, ambaye tayari alikuwa amebuni fonti za Palatino na Optima. Alichora alama zaidi ya 1,000: mikasi, kalamu, misalaba, alama za vema na za kosa, nyota za kila umbo. Kampuni ya ITC ya New York ikachagua 360, na mwaka 1978 zikatoka kwa jina la Zapf Dingbats. Mwaka 1985 ikaja PageMaker, programu ya kupanga kurasa kwenye kompyuta, na mtu mmoja akaweza kupanga ukurasa mzima mezani kwake. Wingdings, iliyotokana na michoro ya Charles Bigelow na Kris Holmes, ilienea mwaka 1992 ndani ya Windows 3.1.

Tuone kazi yenyewe. Unatengeneza kipeperushi cha mahafali ya shule. Mbele ya kila jambo unataka kimraba cheusi: andika n ndogo, iteue, ivishe Zapf Dingbats. Kimraba hicho hapo. Alama ya vema? Andika 4. Simu? Andika alama ya asilimia. Pale pa kukata kuponi unataka mkasi: andika alama ya kufungua na kufunga usemi, ile iliyonyooka. Kwenye kioo kinapendeza kweli.

Unakipeleka kwa flashi kwenye duka la kuchapisha. Mashine ya pale haina Zapf Dingbats. Kipeperushi kinatoka hivi: n Chakula, n Muziki, n Zawadi, mbele ya namba ya simu kuna asilimia, na mkasi umekuwa vijistari viwili vinavyoelea. Fundi hana kosa. Mpelekee PDF iliyobeba fonti ndani yake, vazi lisafiri na mvaaji.

Dawa kubwa zaidi ilikuwa kuzipa alama namba zake zenyewe. Unicode, orodha ya pamoja ya namba za herufi na alama, ilifanya hivyo mwaka 1991 kwa alama za Zapf: mkasi mweusi ukapata 9986, na haukopi tena namba ya mtu. Za Wingdings zilisubiri hadi 2014. Siku hizi mashine ikikosa fonti ya mkasi, itaazima mchoro kwenye fonti nyingine, au itaonyesha kisanduku kitupu. Kisanduku kitupu kinaudhi, lakini mimi nakipenda kuliko ile J: angalau kinakiri kwamba kuna kitu kimekosekana.

Kuna aliyeucheza mchezo huu makusudi. Mwaka 1994, David Carson, mpangaji wa kurasa za jarida la Ray Gun huko Marekani, alipewa mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry. Akayasoma, akayaona yamepooza, akayavisha yote Zapf Dingbats. Wasomaji wakafungua na kukuta nyota, misalaba na miraba mstari baada ya mstari. Hata hivyo hakufuta neno hata moja. Mwenye jedwali la fonti ile na subira ya kutosha angeweza kuketi, akazifasiri alama moja moja, na kuyasoma mahojiano yote mpaka nukta ya mwisho.