Nyaraka za pamba na dengu: namba si kufuli

MFANYABIASHARA wa Bariadi anayenunua pamba, dengu au choroko siku hizi anabaki na karatasi chache mezani kwake, na nyingi zaidi zimo katika kompyuta za watu wengine. Ankara ya kiwanda cha kuchambua pamba, risiti ya mizani, mkataba wa mkopo, stakabadhi ya ghala na orodha ya wakulima waliolipwa kupitia AMCOS, vyote hupakuliwa kwa simu kutoka kwenye mfumo wa tovuti, na msimu ukaendelea.

Swali linalowahusu wenye fedha zao ni nani mwingine anayeweza kuzipakua nyaraka hizo.

Kasoro inayozungumzwa hapa ni ya kawaida sana, na haihitaji mwizi mwenye utaalamu. Mteja huingia katika mfumo kwa neno la siri, akaona orodha ya nyaraka zake na kubofya mahali pa kupakua. Juu ya kioo cha simu hutokea anwani, ambayo mara nyingi huishia na namba, tuseme 4417. Mtu akiifuta 7 ya mwisho na kuandika 8, mfumo uliotengenezwa vizuri humkatalia. Mfumo uliotengenezwa kwa haraka humpa ankara ya jirani yake.

Wenye maghala watalielewa jambo hili upesi. Ni sawa na ghala lenye geti la chuma na mlinzi anayeandika jina la kila anayeingia, lakini mtunza ghala aliyeko ndani hutoa mzigo kwa yeyote atakayetaja namba ya gunia, bila kudai stakabadhi. Geti limefungwa kweli, lakini ukaguzi umekosekana pale pale mzigo unapotolewa.

Kasoro hiyo ina sura mbili. Ya kwanza ni pale mfumo usipouliza kabisa kama anayepakua ameingia kwa neno la siri; ukiwa na anwani, faili ni lako. Ya pili ni ya kificho zaidi. Mfumo huuliza kama mtu ameingia, lakini hauulizi kama waraka anaoutaka ni wake. Hapo mteja yeyote halali, hata aliyejiandikisha jana, anaweza kusoma nyaraka za wateja wote. Shirika la OWASP, linalofuatilia udhaifu wa programu za tovuti duniani, liliweka makosa ya namna hii katika nafasi ya kwanza ya orodha yake ya mwaka 2021.

Bajeti yavuja London

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya mafundi tu watazame yaliyotokea Uingereza tarehe 26 Novemba, 2025. Ofisi ya nchi hiyo inayokadiria mapato na matumizi ya Serikali, OBR, ilikuwa imeandaa ripoti ya kutolewa mara baada ya Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, kumaliza hotuba ya bajeti. Faili lilipandishwa kwenye tovuti mapema, bila kuwekewa linki yoyote, kwa imani kwamba lisilo na linki halionekani.

Jina la faili lilifuata mtindo wa ripoti iliyotangulia. Waliobadilisha mwezi katika anwani ya zamani walilipata saa 5:35 asubuhi kwa saa za London, Waziri akiwa bado hajasimama bungeni. Shirika la habari la Reuters lilikuwa miongoni mwa waliolipata, na takwimu zikaenea. Bei ya hati fungani za Serikali na thamani ya pauni vikayumba wakati wabunge wakiwa bado wanasubiri kusomewa bajeti.

Uchunguzi ulionyesha kwamba programu ndogo ya kupakulia mafaili katika tovuti hiyo ilitengeneza anwani iliyoruka ukaguzi. Mkuu wa ofisi hiyo, Richard Hughes, alijiuzulu tarehe 1 Desemba. Hakukuwa na neno la siri lililoibwa.

Marekani nako kuna mfano unaowagusa zaidi wenye mikopo. Kampuni ya First American, inayohudumia mauzo ya nyumba na viwanja, ilibainika Mei 2019 kuwa imeacha wazi nyaraka zaidi ya milioni 800, za tangu mwaka 2003. Humo mlikuwa na namba za akaunti za benki, kumbukumbu za kodi na picha za leseni za udereva. Aliyekuwa na linki ya waraka mmoja alisoma mwingine kwa kubadilisha tarakimu. Mtu mmoja wa biashara ya nyumba aliligundua jambo hilo na kumwarifu mwandishi wa habari Brian Krebs.

Kilicho kibaya zaidi ni kwamba watumishi wa usalama wa kampuni hiyo walikuwa wameiona kasoro hiyo tangu Januari mwaka huo, na wakubwa waliotoa maelezo kwa wawekezaji hawakuarifiwa. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza kampuni dola 487,616 mwaka 2021, na jimbo la New York likaongeza dola milioni 1 mwaka 2023.

Hasara ya Simiyu

Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, unategemea zao la pamba kuliko mikoa mingi nchini, na dengu na choroko zimeufanya uzunguke fedha hata pamba inapolegea. Biashara hiyo ina siri chache, lakini ni siri zenye bei.

Ya kwanza ni bei ya zabuni. Mnunuzi wa dengu anayejua mwenzake ameandika kiasi gani huhitaji kuongeza kidogo tu. Kwa lori la tani 30, tofauti ya shilingi 20 kwa kilo ni shilingi 600,000, na wenye malori kumi wafanye hesabu wenyewe.

Ya pili ni orodha ya malipo. Karatasi moja ya AMCOS inaweza kuwa na majina, namba za simu, namba za akaunti na kilo za kila mkulima. Tapeli akiwa nayo hahitaji kubahatisha. Atampigia mkulima wa Meatu au Itilima siku ile ile fedha zinapoingia, akimtajia kilo zake sawasawa, na mkulima ataamini anazungumza na karani.

Ya tatu ni mkopo. Mshindani anayejua tarehe ya marejesho yako benki anajua pia siku utakayolazimika kuuza kwa bei yoyote.

Kuna mlango mwingine ambao wafanyabiashara wanaufungua wenyewe. Linki ya ankara hutumwa katika kundi la WhatsApp lenye watu mia na zaidi ili mteja mmoja aione. Kama mfumo hauulizi neno la siri, linki hiyo itafunguka kwa wote, pengine hata mwakani. Afadhali kutuma faili lenyewe kwa mhusika peke yake.

Kupima bila kuvunja sheria

Mwenye waraka anaweza kujipima kwa dakika mbili. Achukue linki ya ankara yake mwenyewe, aifungue katika simu nyingine ambayo haijaingia katika mfumo. Ikifunguka, mfumo una kasoro na mtoa huduma aarifiwe kwa maandishi yenye tarehe.

Asijaribu namba za wengine. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini, na kusema "nilikuwa napima" ni utetezi dhaifu mbele ya polisi. Huko Nova Scotia, Canada, kijana wa miaka 19 alipakua nyaraka zipatazo 7,000 za Serikali mwaka 2018 kwa kubadilisha namba tu. Polisi walivamia nyumbani kwao, na baadaye hakushtakiwa.

Kwa upande wa wenye mifumo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na ipo Tume ya kusikiliza malalamiko. Mwenye ghala au kampuni ya ununuzi inayomlipa fundi kutengeneza mfumo nayo imo katika wajibu huo; haiwezi kumsukumia fundi.

Kabla ya kumlipa fundi fedha ya mwisho, afungue akaunti mbili za majaribio mbele ya mteja, kisha akaunti ya kwanza ijaribu kupakua waraka wa akaunti ya pili. Kubadilisha namba fupi kuwa mlolongo mrefu wa herufi kunasaidia kidogo, maana huwezi kuubahatisha, lakini linki ikishatumwa kwa mtu imetoka mkononi. Mfumo pia uandike nani amepakua nini na saa ngapi. Bila daftari hilo, siku orodha ya malipo itakapoonekana mikononi mwa matapeli, hapatakuwa na njia ya kujua ni wakulima wangapi wa kupigiwa simu.