Uchavushaji si utungisho

WANAFUNZI wengi huyachanganya maneno ‘uchavushaji’ na ‘utungisho’, wakapoteza alama bure. Hebu tutazame mahindi. Chavua ikidondoka kutoka kileleni na kunata kwenye nywele za hindi, huo ni uchavushaji tu, mimba bado! Chavua huotesha mrija ndani ya unywele hadi kwenye yai. Mbegu moja ya kiume huungana na yai. Ya pili husaidia kuunda chakula cha kiinitete. Huo ndio utungisho.

Kwa binadamu vilevile, kujamiiana si kutunga mimba. Mbegu moja tu ndiyo huungana na yai, katika mrija wa uzazi. Chakula je? Mtoto hulishwa na mamake kupitia kondo.

Basi ukimenya hindi lenye mapengo, huenda mayai hayo yalikosa mbegu.