Kwa Nini Tela Hukaidi Linaporudishwa Nyuma?

Yeyote aliyepata kusimama katika ua wa ghala wakati wa mavuno huenda amekiona kioja hiki. Trekta limevuta tela la mahindi kutoka shambani bila tatizo lolote. Lakini dereva atakiwapo kulirudisha nyuma hadi mlangoni, mwendo wa mita 20 tu, tela humwendea upande. Watazamaji humcheka. Kumbe dereva huyo anashindana na kanuni ya maumbile.

Hebu tufanye jaribio dogo. Laza rula juu ya meza, ukandamize ncha yake moja kwa kidole, kisha uivute. Rula itafuata nyuma ya kidole, na hata ikiwa imekaa upande itajinyoosha yenyewe. Sasa isukume kwa ncha hiyo hiyo. Mara itageuka upande. Kuvuta huleta msawazo thabiti, ambamo kosa hujisahihisha. Kusukuma huleta msawazo usio thabiti, ambamo kosa hukua.

Kosa hilo hukua kwa kasi gani? Tuchukue tela la ekseli moja, ambalo umbali kutoka kiungo hadi ekseli ni mita 3. Iwapo trekta linarudi nyuma likiwa limenyooka, pembe kati yake na tela huongezeka maradufu kila baada ya mita 2 hivi: nyuzi 2 huwa 4, kisha 8, kisha 16. Ikiwa umbali huo ni mita 9, pembe huhitaji mita 6 hivi ili kuongezeka maradufu. Ndiyo sababu tela fupi ni kaidi kuliko refu. Kanuni hii huzitawala pia nyumba za magurudumu zivutwazo na motokaa huko Ulaya na Marekani.

Kutokana na hayo twapata mafunzo manne kwa dereva.

Kwanza, arudi polepole. Mwendo wa pole haupunguzi kosa, bali humpa nafasi ya kulisahihisha lingali dogo.

Pili, ashike usukani upande wa chini, na kuupeleka mkono kule anakotaka mkia wa tela uelekee. Tela likisha kuanza kugeuka, aurudishe usukani ili trekta lilifuate.

Tatu, pembe ikizidi, asing'ang'anie kurudi nyuma, maana tela litajikunja hadi ligonge trekta. Aende mbele kwanza. Kama rula ilivyotuonyesha, tela litajinyoosha lenyewe.

Nne, akiweza kuchagua, aliingize tela kwa kukata upande aliokaa yeye. Kwa magari yetu ya Afrika Mashariki, huo ni upande wa kulia. Upande wa pili, mwili wa tela humficha yote yaliyo nyuma.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mtu aliye nyuma ya tela haonekani katika kioo, na sehemu ya tela hujongea upande asioutazamia. Basi utingo asimame pembeni, mahali ambapo dereva anamwona. Naye dereva, asipomwona utingo, asimame papo hapo. Magunia yaweza kungoja dakika moja; uhai ukipotea haurudi.

Walimu waweza kulirudia jaribio hili darasani kwa rula mbili za urefu tofauti. Je, ni ipi itakayogeuka upesi zaidi, na kwa nini?