Karafuu dhidi ya mwani

Chupa za dawa za asili siku hizi zinapenda kuandikwa "imethibitishwa kisayansi, huondoa sumu mwilini." Mara nyingi kilichothibitishwa ni kwamba rangi ya zambarau iligeuka njano. Basi.

Rangi hiyo ni ya kemikali iitwayo DPPH, ambayo Marsden Blois alionyesha mwaka 1958 kuwa inafaa kupimia antioksidanti. Ni radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenzake, ila hii ni tulivu kiasi cha kuwekwa kabatini. Tia mafuta ya karafuu kidogo, acha gizani nusu saa, na zambarau inafifia. Yujenoli, ambayo mara nyingi ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta hayo, imeipa hidrojeni. Ni kipimo rahisi na cha haraka, ndiyo maana hakikosi kwenye tasnifu za mimea dawa.

Karafuu hushinda hapa bila jasho. Katika orodha ya antioksidanti za vyakula iliyokuwa ikitolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, karafuu ya kusaga ilikuwa miongoni mwa vinara. Mwaka 2012 wizara iliifuta orodha nzima: wafanyabiashara walikuwa wanaitumia kutangazia bidhaa, na namba zile hazikusema lolote la maana kuhusu afya ya mtu. Ukimeza yujenoli, ini huishika, huibadilisha, na sehemu kubwa hutoka na mkojo ndani ya siku moja. Kwenye glasi ya maabara hakuna ini.

Kipimo cha uvimbe kina habari zaidi, ingawa si cha kupendeza. Panya hunyweshwa dawa inayojaribiwa, kisha baada ya kama saa moja hudungwa kwenye unyayo wa nyuma mililita 0.1 ya karajinani. Unyayo huvimba, na mtafiti huutumbukiza kwenye kichupa chenye kimiminika kila saa kuona umeongezeka ujazo kiasi gani. Uvimbe huo huchochewa na kemikali za mwili kwa zamu. Mwanzoni ni histamini na serotonini, halafu bradikinini, na kuanzia kama saa ya tatu prostaglandini. Kwa hiyo la kuuliza ni ulipungua saa ngapi. Dawa inayoushusha saa ya tatu na kuendelea huenda inafuata njia ya indomethasini, dawa ya uvimbe inayozuia prostaglandini. Inayoushusha saa ya kwanza peke yake ina kazi nyingine. Yujenoli imewahi kuupunguza kwa panya. Saa hizo ndizo zinazoachwa matangazo yanapoandikwa.

Na karajinani hutoka wapi? Kwenye mwani, uleule ambao wanawake wa Paje na Jambiani wanaufunga kwenye kamba tangu 1989. Kusema kweli, ya panya huwa zaidi ni ya aina ya lambda, ya mwani wa bahari za baridi. Spinosamu na kotonii, mwani unaolimwa Unguja, hutoa aina nyingine, za kugandishia vyakula na dawa ya meno. Hata hivyo inakera kuona mwani ukiondoka kwa magunia, mkavu na wa bei ya chini, ilhali karajinani safi huuzwa kwa gramu.

Makonyo nayo yanadharauliwa. Karafuu zikishachambuliwa, vikonyo vinavyobaki vina yujenoli tele, na Wawi, Pemba, kuna kiwanda cha kuvikamua mafuta. Kabla ya kuomba fedha za kutafiti mti wa muujiza kutoka ng'ambo, vijana wa vyuo vyetu wangeanzia hapo, wapime hadi saa ya sita, wasiishie kwenye rangi.

Matumizi mengine mnayajua: jino linalouma, saruji ya muda ya madaktari wa meno, kulevya samaki wanapopimwa, sigara za Indonesia, pilau. Ila mtoto asinyweshwe mafuta haya. Mililita 10 tu zimewahi kuharibu ini la mtoto mdogo.