Binti anapokosa hedhi

Mama, binti akikosa hedhi mwezi mmoja au miwili usikimbilie kumshuku, wala kumpeleka kwa mganga. Miaka 2 hadi 3 ya mwanzo tangu kuvunja ungo, yai huwa halipevuki kila mwezi, hivyo hedhi kuja baada ya siku 21 au hata 45 ni kawaida. Hofu ya mitihani, kukonda ghafla na kujinyima chakula navyo huisimamisha.

Ikipita miezi 3 bila damu, au ametimiza miaka 15 hajaona kabisa, mpeleke hospitali. Aende na tarehe zake. Si anazihesabu tayari kwa ajili ya swala na kulipa saumu? Atapimwa mimba (msikasirike, kila mwanamke huanza hapo) na homoni. Anayeumwa tumbo kila mwezi bila kuona damu huenda njia imeziba, na upasuaji mdogo huifungua. Mwenye chunusi nyingi na ndevu huenda ana hitilafu ya homoni kwenye ovari. Hii haiponi moja kwa moja, ila hudhibitiwa kwa kupunguza uzito ikiwa umezidi, na kwa dawa. Daktari akiandika vidonge vilevile vya uzazi wa mpango msivitupe: hapa kazi yake ni kurekebisha hedhi.